Nyumba ya Mwalimu Haikuwa na Kelele

Mimi majina hayanipotei. Niulize nani alikuwa akituletea maziwa hapa Kisugu barabara ikiwa bado vumbi tupu, nitakwambia Yusufu Kenyi, na baiskeli yake ilikuwa ya kijani, kengele imekufa, kwa hiyo alikuwa akipiga mluzi. Niulize mkunga aliyempokea mwanangu wa mwisho, nitakwambia Nalongo Florence, mwenye vidole vifupi na hasira za karibu. Watoto wa mtaa hunijaribu kwa mchezo. "Haboba, yule beberu wa Bi Hadija aliitwa nani?" Haboba ni nyanya kwa Kinubi chetu, na siku hizi ndilo jina langu, lile la kweli tumebaki kulijua mimi na kitambulisho. Beberu aliitwa Waziri, kwa sababu alikula vizuri na hakuna aliyejua kazi yake.

Jina la mtu huyu ninayetaka kumwandika ninalo pia, la kwake na la baba yake. Silisemi. Ana mjukuu, na mjukuu bado ana maisha mbele yake. Tena hapa hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mwalimu. Waganda walisema Mwalimu, sisi Wanubi tulisema Mwalimu, Wakongo wanaoshona nguo kule bondeni walisema Mwalimu, hata yule mhubiri mwenye spika alikuwa akipunguza sauti akimwona anapita. Mke wake mwenyewe alimwita Mwalimu mpaka anakata roho.

Herufi hizi unazozisoma ni zake. Mimi shule niliigusa tu nikaiacha, au iliniacha, sijui. Nilifika uzeeni najua kuhesabu na kusali, kuandika hapana. Alipostaafu kutoka shule moja kule Mengo, Mwalimu alipaka ukuta wa baraza yake rangi nyeusi, akaita wanawake wazee wa mtaa baada ya alasiri. Tulikwenda kwa aibu, mimi na Bi Hadija, tukajifanya tumepita kusalimia.

"Mwalimu, mkono huu umezoea mwiko," Hadija akasema.

"Mwiko nao ni kalamu, Bi Hadija. Tofauti ni kwamba makosa ya mwiko tunayala."

Tulicheka mpaka Hadija akafuta macho kwa mtandio. Yeye hakucheka. Alionyesha meno, basi. Akanishika kifundo cha mkono, kwa wepesi, kama mtu aliyeshika kifaranga, akaniongoza. "Herufi m ni vilima viwili, Haboba. Panda Mengo, shuka, panda Nakasero, shuka. Umefika." Nikafika. Nilikosea mara ngapi sijui, na hakuna hata siku moja aliyonipandishia sauti. Ndiyo maana nikiandika jina lake la kazi, hapo kwenye m ya mwanzo nasikia bado vile vidole.

Na pembeni yake, amepiga magoti, alikuwa mjukuu wake, ambaye nitamwita Sauda, ameshika kopo la chaki kwa mikono miwili. Mwalimu alikuwa hageuki. Alinyoosha mkono tu nyuma, na chaki ikawa imeshafika, nyeupe akitaka nyeupe, nyekundu akitaka nyekundu. Hadija aliniambia tukirudi, "Yule mtoto anasoma mawazo, wallahi." Mimi nikasema ndiyo, mtoto ana akili. Alikuwa na miaka minane au tisa, shingo nyembamba, macho hayatulii. Yalikuwa usoni kwa babu yake muda wote, kama mtu aliyeanika nguo anavyotazama wingu.

Mwalimu alikuwa na maneno yake. "Nyumba yenye kelele haina mkubwa." Hilo alilisema sana, na nyumba yake kweli haikuwa na kelele. Ukipita dirishani unasikia redio ya habari na saa ya ukutani. Sahani hazigongani. Mlango haupigwi. Lingine lake lilikuwa samaki mkunje angali mbichi, ambalo ni la watu wote, ila yeye alilisema kama amelivua mwenyewe. Nikamwambia siku moja, "Mwalimu, samaki mbichi ukimkunja kupita kiasi, nyama inabaki nzima kwa juu, uti ndani umevunjika." Akaonyesha meno. "Haboba, wewe ni mpishi. Mimi nasema habari za watoto."

Usidhani alikuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ningemwandika kwa mistari miwili nikaenda kulala. Huyu aliwalipia karo watoto wasiokuwa wake. Mtoto wa fundi viatu alipoungua kwa uji, Mwalimu ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali, mzee mzima, anakimbia na viatu vya ngozi. Msiba ukitokea, yeye ndiye wa kwanza kufika na turubai. Viti alivipanga kwa mistari iliyonyooka, akarudi nyuma kuvitazama kwa jicho moja, akasogeza kimoja. Sukari ataleta, kuni ataleta, mchimba kaburi atampata. Kitu kimoja hakukiweza: kusema pole. Angekuja mpaka mbele ya mfiwa, akasimama, akasema "Karibuni, karibuni," kana kwamba yeye ndiye mwenye nyumba na leo ni harusi.

Mke wake alipofariki alisimama mlangoni hivyo hivyo. Tunaingia tunalia, yeye anatabasamu. "Karibuni. Kuna viti huku." Hadija akanibana kiwiko. "Mwanamume huyu ana nini?" Nikamjibu kwamba huzuni ina njia nyingi. Nilisema tu. Sikujua nimesema nini.

Sasa nirudi kwa Sauda, kwa sababu huwezi kumjua Mwalimu bila mtoto huyu. Mama yake, naye nimwite Mariamu, ni binti wa Mwalimu, aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani mtoto akiwa bado ana meno ya utoto. Alimwacha kwa wazazi wake, na bibi akafa, wakabaki wawili. Hapa kwa Waganda msichana akimsalimia mkubwa hupiga magoti, na sisi tuliokaa nao vizazi hivi vyote tumelichukua jambo hilo, ni adabu, wala sina ugomvi nalo. Lakini Sauda alipiga magoti kuliko Waganda wenyewe. Alipiga magoti kwenye matope. Alipiga magoti barabarani na bodaboda zinapita. Akipigiwa simu na mtu mzima alipiga magoti na simu sikioni, peke yake, uani.

Basi akawa fimbo ya mtaa mzima. Kila mama aliyechoka na binti yake alisema, "Mtazame Sauda wa Mwalimu." Mimi nilimwambia hivyo mjukuu wangu Shamim, aliyekuwa rika lake na rafiki yake. Shamim akanijibu akiwa amebinua mdomo, "Haboba, Sauda hajui hata kununa." Nikamwambia wewe je, si ungejifunza kutoka kwake hiyo hasara ya kutonuna.

Halafu kulikuwa na ile asante. Nyumba zetu ukuta ni mmoja. Mara kwa mara, mchana, baada ya shule, nilikuwa nasikia sauti ya Sauda, nyembamba na ya adabu: "Asante, Jaja." Jaja ni babu kwa Luganda, ndivyo alivyomwita. Basi. Asante, Jaja. Nami najisemea, leo kamletea mandazi. Leo kampa daftari jipya. Hapa Kampala watu hushukuriana kwa kila kitu, mtu anakupa asante kwa kupika, kwa kulima, kwa kutembea tu barabarani. Asante ukutani ingenishtua kwa lipi? Hadija naye alisikia, akasema, "Mwalimu anamdekeza yule mtoto."

Nilikuja kujua kwa ukindu. Mimi nasuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya Kinubi, vya duara, vya rangi, ambavyo bila hivyo harusi yetu si harusi. Shamim alipofika miaka kumi na mitatu nikaanza kumfundisha, na Sauda akaomba ruhusa akaja naye. Nikawaita wakae karibu. Shamim akanikalia hadi pajani, kiwiko chake ubavuni kwangu, anapiga umbea. Sauda akatandika mkeka wake mbali kidogo. Nikamwambia sogea. Akasogea, halafu nikigeuka naona amerudi palepale. Ilinichukua muda kuelewa kile kipimo. Ilikuwa ni mkono mmoja na fimbo. Alikaa mbali na mimi, na Shamim, na kila mtu, mahali ambapo mkono ulioshika fimbo haumfikii.

Nikamwekea mafungu ya ukindu: nyekundu, zambarau, kijani, njano. "Chagua unayoipenda, tuanzie hapo katikati."

Akanitazama usoni.

"Usinitazame mimi. Tazama ukindu."

Akautazama ukindu, akanitazama tena. "Haboba anataka ipi?"

"Mimi nimeshasuka rangi zote duniani. Wewe unapenda ipi?"

Niliona jasho juu ya mdomo wake. Msichana wa miaka kumi na mitatu anatoka jasho kwa swali la rangi. Shamim akaingilia, "Achukue zambarau, Haboba, mbona unamtesa," na Sauda akachukua zambarau upesi, akatabasamu, akasema, "Asante."

Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko ya Shamim, lakini alivuta. Kila msokoto aliuvuta mpaka ukindu ukalia. Tabaga inayovutwa sana haikai bapa, inajikunja kama sahani ya kina. Nikamwambia, "Legeza, mama, ukindu hautakimbia." Akavuta zaidi. Sauti yangu ilikuwa imepanda kidogo, nadhani, kwa sababu ya kikohozi, na yeye akasikia kitu kingine. Akaacha kazi, akaweka mikono mapajani. "Nimekosa nini, Haboba?"

Neno hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila uso. Nikicheka: nimekosa nini. Nikipiga miayo: nimekosa nini. Shamim akinung'unika kwa sababu sindano imemchoma: nimekosa nini. Yule mtoto tuliyesema anasoma mawazo alijua kusoma neno moja tu, na alilisoma katika kila kitabu.

Siku aliyoinama kuokota sindano, gauni likapanda, nikaona nyuma ya magoti. Sitaeleza. Mtu aliyeona anajua, ambaye hajaona Mungu amnusuru. Akalishusha gauni akanitabasamia, tabasamu kubwa, meno yote. Hapo nikaona mahali nilipopata kuliona tabasamu lile. Mlangoni kwa babu yake, siku ya maziko ya bibi.

"Nani kakufundisha kucheka hivyo?"

"Ukinuna ni ukaidi, Haboba. Ukilia anaongeza. Ukimaliza unasema asante."

Alisema kama mtu anayekueleza namna ya kupika posho, ugali wetu wa hapa.

Nilikwenda kwa Mwalimu kesho yake mchana. Alikuwa barazani anachonga penseli za watoto wa jirani. Nyuma yake mlango uko wazi, na kwenye msumari, pembeni ya kalenda, fimbo ya mti wa kahawa, imelainika kwa mafuta.

"Mwalimu, Sauda halii."

"Ndiyo, Haboba. Nimemfunza."

"Mtoto asiyelia ni mgonjwa."

Akapuliza unga wa penseli. "Sijawahi kumpiga nikiwa na hasira. Nanawa mikono kwanza, nakaa, naeleza kosa. Mwenye hasira hukosea mahali pa kupiga. Mimi sikosei."

"Nimepaona mahali."

Akaniambia habari ya amu yake aliyemlea, jinsi alivyokuwa akimpigisha magoti kwenye kokoto na tofali kichwani, na tofali likianguka wanaanza upya. Alinihadithia bila uchungu wowote, taratibu, kama mtu anayekuonyesha cheti chake. Akamaliza, "Na leo, Haboba, mimi ni nani hapa mtaani? Si ni Mwalimu?"

"Ni Mwalimu."

"Basi."

"Na siku ya maziko ya mkeo ulikuwa unacheka nini?"

Penseli ikasimama. Alinitazama, na nakuapia, alikuwa hajui. Mzee mwenye mvi, amesomesha nusu ya mtaa, alikuwa anatafuta ndani yake kitu cha kunijibu na hakikuwepo. "Nilicheka?" akauliza. Aliniuliza kwa kweli.

Baada ya hapo sikuisikia tena ile asante ukutani. Labda aliacha. Labda alihamia chumba cha nyuma. Fimbo iliendelea kuning'inia. Nikamwomba Shamim anipigie simu kwa Mariamu huko Uarabuni, nikamweleza yote niliyoyaona. Kisha akasema, "Haboba, hata mimi nilikuwa nasema asante." Pasipoti yake iko kwa wenye nyumba, mkataba haujaisha, hawezi kuja. Akamrekodia mwanawe sauti, dakika nzima ya kilio na "mwanangu, mwanangu." Nilimwona Sauda akiisikiliza, amepiga magoti, simu imebanwa sikioni. Ilipokwisha akabonyeza, akajibu kwa upole, "Mama, nimekosa nini?"

Watu hufikiri mtoto akipigwa tatizo ni kovu. Kovu linapona. Mimi nimeona kitu kingine, na sina neno la kisomo la kukiita. Sauda alipofika miaka kumi na mitano alikuwa mrefu, mzuri, wa kwanza darasani, na ndani yake palikuwa kama nyumba ambayo vyumba vyote vimefungwa isipokuwa kile cha woga. Huko shuleni mkuu wa shule alimgombeza kwa kuchelewa, akatabasamu. Akaambiwa ana dharau, akatabasamu zaidi. Wakamrudisha nyumbani na barua ya utovu wa adabu, huyo huyo tuliyemfanya kipimo cha adabu. Hadija akasema, "Basi ameharibika." Nikamwambia Hadija, nyamaza, unachokiona wewe si kilichopo.

Lakini na mimi nilifika siku ya kuchoka naye.

Amina, mke wa mwanangu, mama yake Shamim, alifariki kwa presha, ghafla, asubuhi anakunywa chai. Mwalimu akaja na turubai. Akapanga viti, akarudi nyuma, akatazama kwa jicho moja. Akasimama mbele yangu. "Karibuni," akaniambia, nyumbani kwangu. Nikampita.

Shamim alikuwa kwenye mkeka na wanawake. Sauda alipoingia, Shamim akanyanyuka, akamwangukia, akamkumbatia shingoni kwa mikono yote, analia kwa sauti ile ya mtoto ambaye hata haoni tena watu. Na Sauda akasimama wima. Mikono iko ubavuni. Akatazama mlangoni, akatazama dirishani, akatabasamu lile tabasamu, akamwambia rafiki yake sikioni, lakini sote tulisikia, "Nyamaza. Nyamaza, watakusikia."

Shamim akamwachia. Alirudi nyuma akamtazama kama anavyotazamwa mwizi. Mwanamke mmoja akasema, "Ana moyo wa jiwe huyu." Wengine wakaitikia kwa midomo. Na mimi, niliyejua, nikamwambia aende jikoni akaoshe vyombo.

Aliviosha vyote. Jioni, watu wamepungua, nikamkuta bado anasugua sufuria iliyokwisha kutakata. Akapiga magoti, mikono ina povu.

"Haboba, mtu akilia, mwingine hufanya nini?"

"Anamshika."

"Mahali gani?"

Nimezaa watoto saba. Nimezika watatu. Hakuna swali lililowahi kunikata maini kama hilo. Nikamwonyesha. Nikaweka mkono wangu begani kwake, juu ya bega, hapa, nikahisi mwili wote unakuwa ubao. Nikaacha mkono palepale. Ubao haukulegea, lakini haukuondoka. "Ni hapa," nikamwambia. "Au popote. Hata usiposema neno."

"Halafu yeye anaacha kulia?"

"Hapana. Anaendelea. Lakini hayuko peke yake."

Alifikiri. "Nilimwambia Shamim anyamaze ili asipigwe," akasema.

Hiyo ndiyo ilikuwa rehema yake, yote aliyokuwa nayo. Aliitoa mbele za watu, na hakuna aliyeitambua. Shamim hakuzungumza naye tena. Nilijaribu kueleza; akaniambia, "Haboba, mimi nilikuwa nataka mtu," na hilo nalo ni haki yake.

Mwaka uliofuata nilikwenda Bombo kumuuguza dada yangu Zamzam. Nilikaa huko mpaka akapona, na alipopona nikakaa tena kwa uvivu. Habari zilinifikia kwa simu: Mwalimu ameanguka bafuni, kiharusi, upande mmoja umekufa. Sauda ameacha shule anamtunza. Niliporudi Kisugu sikufungua hata mzigo. Nilivuka ua nikaingia.

Ukuta mweusi wa baraza bado una vilima vya mtu, m moja iliyopinda, sijui ya nani kati yetu. Ndani pako kimya kama zamani, redio tu imezimwa. Mwalimu alikuwa kitandani, ameegemezwa kwenye mito. Nusu ya uso ilikuwa yake, nusu nyingine imeshuka, kama pazia lililotoka kwenye pete. Uso ule uliotawala nyumba hii, ambao mtoto aliutazama kama wingu, sasa haukusema kitu. Fimbo alikuwa nayo, imelazwa kitandani ubavuni kwake. Nadhani aliitumia kujiegemeza alipokuwa bado anaweza kuketi mwenyewe. Na Sauda alikuwa amekaa chini kwenye mkeka na bakuli la uji. Nilipima kwa jicho bila kutaka. Mkono mmoja na fimbo.

Ana miaka kumi na saba. Akapiga magoti, akanisalimia, akaniuliza hali ya mgonjwa wangu. Sikutegemea. Hapo awali alikuwa haulizi hali ya mtu.

"Nani kakwambia nina mgonjwa?"

"Hukuwepo, Haboba. Nikafikiri, asiyekuwepo muda wote huu ana mgonjwa."

Nikamwambia ni dada yangu, anaendelea vizuri. Nikakaa kwenye kiti, nikamsalimia Mwalimu kwa sauti ya kawaida, sikutaka kumpigia kelele kama watu wanavyowapigia wagonjwa. Nikamwambia, "Mwalimu, sasa naandika mpaka barua. Nilimwandikia Hadija kutoka Bombo, akasema m zangu ni nzuri kuliko zake." Nusu yake nzima ikasogea kidogo. Halafu jicho la upande huo likajaa maji, yakashuka taratibu hadi kwenye ndevu. Akatoa sauti. Haikuwa neno. Alikuwa ananitazama mimi, kisha akamtazama Sauda, na hakumwacha tena.

Sauda akaweka bakuli chini. Akanigeukia, akanong'ona. "Haboba. Amekasirika, au analia?"

Alikuwa akiuliza vingine siku zote. Siku zote alikuwa anauliza nimekosa nini.

"Analia, mama."

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yako. Lakini hujakosa kitu."

Akamtazama babu yake kwa muda. Mwalimu akanyanyua mkono ule mzima kutoka kwenye shuka, polepole, akaupeleka kwake. Mimi niliona mkono wa mzee unaotaka kugusa kichwa cha mtoto. Sauda aliona mkono umenyanyuka. Akafumba macho, shingo ikaingia mabegani, tabasamu likatokea usoni kwake lenyewe, meno yote, akasubiri.

Na Mwalimu akaliona. Alikuwa ameliona miaka yote, lakini sasa aliliona. Mkono ukasimama hewani. Nilimwona anausoma ule uso, kwa shida, kama mimi nilivyokuwa nikisoma ukutani kwake, herufi kwa herufi. Kisha akaurudisha mkono. Akauingiza chini ya shuka, akausukuma chini ya paja lake, akaulalia. Ilimchukua nguvu zote alizokuwa nazo. Akabaki hivyo, hana mkono hata mmoja, uso uko wazi, machozi yanaendelea.

Sauda akafumbua macho. Alitazama shuka. Alitazama mahali mkono ulipokuwa. Mimi sikumwelekeza. Akaichukua pembe ya leso yake, akaizungusha kidoleni.

Magoti yake hayakusogea. Yalibaki palepale mkekani, mahali pake pa siku zote. Ni mkono tu uliokwenda, ukanyooka, bega likafuata, mwili wote ukainama mbele juu ya fimbo iliyolala pale, mpaka ncha ya leso ikafika shavuni.